Maswali ya Wasomaji: Mbwa Wawili, Tanga Moja, Wikendi ya Mashujaa

SWALI: Tuna mashua ya tanga ya mita 7 hapa Kisumu. Wikendi ndefu ya Mashujaa tunataka kwenda Rusinga, tukilala ziwani, pamoja na mbwa wetu wawili: mmoja kilo 30, mwingine wa kienyeji kilo 14. Hawajawahi kupanda chombo. Tujiandae vipi?
Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Rusinga iacheni kwa safari nyingine. Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria mtakaoupita kutoka Kisumu hadi huko, ina urefu wa kilomita 60 hivi, na mashua ya ukubwa huo ikienda vizuri hufanya kilomita 8 au 9 kwa saa. Mbwa asiyezoea kujisaidia chomboni atabana mkojo kutwa nzima. Lengeni Kendu Bay, iliyo karibu zaidi. Kisiwani Ndere msitue, maana ni hifadhi ya taifa na mbwa hawaruhusiwi.

Wiki tatu kabla, tafuteni zulia la nyasi bandia, sentimita 60 kwa 60, mliweke mahali wanapojisaidia kila siku, na mlipake mkojo wao kwa kitambaa. Wakilizoea, lihamishieni mashuani ikiwa ingali imefungwa gatini. Pembe moja toboeni, mtie kamba ya kulisuuzia. Kinyesi kitieni mfukoni mrudi nacho nchi kavu. Kuna watu wanaochota maji ya ziwa hili kwa kunywa.

Kinachotutia hofu hasa ni safari ya kurudi. Alfajiri upepo wa nchi kavu huvuma polepole kuelekea ziwani, kwa hiyo kutoka ni raha. Mchana upepo wa ziwa hushika kutoka magharibi, tena kwa nguvu, na mkielekea Kisumu unakuwa mgongoni. Usukani ukienda pembeni kidogo tu, tanga hugeuka upande wa pili kwa kishindo na mti wake wa chini hufagia sitaha. Mtu huambiwa "inama" akainama. Mbwa ndiyo kwanza atainua kichwa. Fungeni mti huo kwa kamba inayokwenda omo, yaani mbele ya mashua, ili usiweze kurudi, na mbwa walale sakafuni, mbali na demani, kamba ya kuongozea tanga. Demani ikikimbia hunasa mguu na kuuvunja.

Wafungeni kwa mikanda ya kifua, kamwe si kwa ukosi: akianguka nje atanyongwa. Kamba iwe fupi kiasi kwamba hafiki ukingoni. Jaketi la kuokolea liwe na mpini mgongoni, na mjaribu nyumbani kama mshono unahimili ule uzito wa kilo 30. Mbwa mkubwa aliyelowa huhitaji watu wawili kumpandisha. Akianguka, mtu mmoja amnyooshee kidole bila kumpoteza machoni. Mwingine azunguke, aje akielekea upepo, kisha aachilie demani mashua isimame kando yake. Asiruke mtu majini.

Gugu maji nalo ni mtego. Mbwa huliona kama uwanja wa nyasi, huruka na kuzama katikati ya mizizi. Likisogezwa na upepo usiku linaweza kuwafungia nangani, basi kabla ya kulala angalieni liko upande gani.

Maji ya kunywa, chukueni mtungi wa lita 20 kwa ajili yao peke yao. Mbwa huhitaji kama mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, yaani lita 2.6 kwa hawa wawili, na jua la sitahani huweza kuongeza mara mbili. Msiwaachie ya ziwa: mahali maji yamekuwa ya kijani kizito kama rangi ya ukuta, mwani wake huweza kuwa na sumu inayoharibu ini na kuua mbwa ndani ya saa chache. Akitumbukia humo, msuuzeni kwa maji safi kabla hajajilamba.

Jioni msiwatembeze kando ya mafunjo. Ndiyo saa ya kiboko kutoka kula.

SWALI: Mbwa wangu hutapika garini. Mashuani kwenye Ziwa Naivasha atakuwaje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda atatapika pia. Mlishe kidogo, saa tatu au nne kabla. Daktari wa mifugo anaweza kukuandikia maropitanti, kidonge cha kuzuia kutapika kinachotolewa angalau saa mbili kabla ya safari, kwa kipimo cha uzito wake. Vidonge vyako mwenyewe usimpe.