Proksi inakataa nenosiri lililo sahihi (407)

Ndugu, unasema jina na nenosiri la proksi (seva ya kati inayopitisha maombi yako) umeyanakili yalivyo kutoka kwa muuzaji, lakini programu yako ya kukusanya data inapata kosa la 407, yaani proksi inataka uthibitisho, kila ukurasa. Afadhali hiyo. 407 hutoka kwa proksi yenyewe. Tovuti kwa kawaida ingekukataa kwa 401 au 403. Kwa hiyo acha kuhangaika na vidakuzi vya tovuti.

Ningeanza na nenosiri. Lina @, : au #? Ukiliweka ndani ya anwani, mfano http://jina:siri@9#@seva:8080, programu haijui nenosiri linaishia wapi na seva inaanzia wapi. Andika %40 badala ya @, %3A badala ya :, na %23 badala ya #. Kagua pia nafasi tupu mwishoni, kubandika huibeba bila wewe kuiona.

Halafu jaribu nje ya programu, kwa curl (zana ya kutuma maombi kutoka kwenye mstari wa amri):

curl -v -x http://jina:nenosiri@seva:8080 https://example.com

curl ikikubali, kosa liko kwenye programu yako. Ikigoma nayo, muulize muuzaji kama anaruhusu watu kwa anwani ya IP, maana ya kwako huenda imebadilika.

Na kama unaendesha Chrome, hapo ndipo wengi hukwama: chaguo lake la --proxy-server haisomi jina wala nenosiri ulilolipachika kwenye anwani. Ukitumia maktaba za kuendesha kivinjari: kwenye Puppeteer tumia page.authenticate, Playwright ina sehemu zake za username na password kwenye mipangilio ya proksi.

Ukileta matokeo ya curl, futa kwanza mstari wa Proxy-Authorization. Yale maandishi baada ya neno Basic ni base64 tu, njia ya kuandika data isiyo na siri, yeyote anaifungua na kupata nenosiri lako.