Jibu: Nianze sasa mafunzo ya kuruka kwa vyombo, au nisubiri?

Ndugu, umeuliza kama saa 70 ulizonazo na leseni binafsi zinatosha kuanza mafunzo ya kuruka kwa vyombo, yaani kurusha ndege bila kuona nje. Anza tu. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni saa 50 za safari za masafa (kutoka uwanja mmoja hadi mwingine) ukiwa rubani kiongozi, na saa 40 za vyombo, ambazo sehemu yake unaruhusiwa kuzipata kwenye simuleta (mashine ya kuigiza ndege). Za masafa zikipungua, huenda ukaweza kuzijazia humo humo mafunzoni. Kanuni za nchi yako zisome mwenyewe, maana zinatofautiana.

Kitakachokutesa ni macho. Siku ya kwanza nilipovaa kile kifuniko cha kukuzuia usione nje, niliukodolea upeo bandia (chombo kinachoonyesha ndege imeinama vipi) hadi nikasahau altimeta, ile ya kupima kimo. Mkufunzi akaigonga kwa kalamu, kumbe nimeshapanda futi 300! Yazungushe macho: upeo bandia, altimeta, upeo tena, dira, upeo tena, spidi. Tena ukishika usukani kwa nguvu ndiyo unaharibu kabisa.

Mwili wako nao usiuamini. Ukikata kona polepole kwa muda, majimaji ya sikio la ndani hutulia, na ukiinyoosha ndege utaapa inalalia upande wa pili. Fuata vyombo hata kama tumbo linakataa.

Simuleta ya nyumbani inafaa kuzoea chati za kutua na mpangilio wa redio, ila hicho kizunguzungu haina. Mtihani wa nadharia maliza mapema.