Maswali ya Wasomaji: Fimbo ya Gofu Inayomfaa Mtoto

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu. Binti yetu ana umri wa miaka minane na urefu wa sentimita 120, na ameanza kupenda gofu. Mume wangu anataka kuzikata fimbo zake za zamani ampatie. Mimi naona afadhali tununue seti iliyoandikwa kuwa ni ya watoto wa miaka 9 hadi 12, ili imfae kwa muda mrefu. Tumebishana mpaka tumechoka. Je, ni yupi kati yetu aliye sahihi?
*Mama wa binti mmoja*

JIBU: Ndugu msomaji, kila mmoja wenu ana nia njema ya kubana matumizi, lakini njia zote mbili zitamfikisha binti yenu mahali pamoja, yaani kucheza na fimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Nianze na hoja ya mumeo. Fimbo ya chuma namba 7 ya mwanamume mzima ina urefu wa sentimita 94 hivi. Kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 175 hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya kimo chake, ilhali kwa binti yenu ni zaidi ya robo tatu, kwa hiyo ni kweli kwamba haiwezi kutumika bila kukatwa. Tatizo ni kwamba msumeno hupunguza urefu tu. Fimbo ya namna hiyo yenye shafti (mti wa fimbo unaounganisha mshikio na kichwa) ya feleji huwa na uzito unaozidi gramu 400, na sehemu kubwa ya uzito huo imo kwenye kichwa, ambacho hakiguswi. Aidha, shafti ikifupishwa huwa ngumu zaidi kupinda, na kwa kuwa mpigo wa mtoto ni wa polepole, anahitaji shafti inayopinda kwa urahisi. Mshikio nao ulitengenezwa kwa kiganja cha mtu mzima. Mtakachompa binti yenu, basi, ni fimbo fupi yenye uzito na ugumu wa fimbo ndefu.

Kwa maoni yangu uzito ndio jambo ambalo wazazi hulipuuza zaidi, na ndilo linaloharibu mengi. Mtoto aliyeshika fimbo nzito hawezi kuinyanyua kwa mikono na mabega peke yake, kwa hiyo huyumbisha mwili mzima kwenda nyuma, hukunja kiwiko ambacho kingepaswa kunyooka, kisha hujitupa mbele ili kuuwahi mpira. Kocha humkemea kila siku kwa kuyumba, na mtoto hujiona hana kipaji, wakati mwili wake unafanya jambo la busara kabisa kwa mzigo uliopewa. Mazoea hayo hubaki hata baada ya fimbo kubadilishwa, na kuyaondoa ni kazi ngumu kuliko kumfundisha mtoto ambaye hajawahi kushika fimbo.

Sasa nije kwa hoja yako. Umri ulioandikwa kwenye sanduku ni makadirio tu, kwa sababu watoto wawili wa miaka minane wanaweza kutofautiana kimo kwa sentimita 15 au zaidi bila yeyote kati yao kuwa na kasoro. Kipimo cha kuanzia ni urefu wa mtoto akiwa amevaa viatu atakavyochezea. Wapo watengenezaji, kama vile U.S. Kids Golf, wanaopanga saizi zao kwa kimo, na kila saizi hutofautiana na inayofuata kwa inchi 3, yaani sentimita 7.5 hivi. Nunueni saizi inayolingana na kimo cha leo. Ikiwa kimo chake kimeangukia katikati ya saizi mbili, mnaweza kuchukua iliyo kubwa, mradi mtoto aweze kuishika chini kidogo ya ncha ya mshikio, kwa kiasi cha sentimita 2 au 3. Akilazimika kuishika chini zaidi ya hapo, ncha itakuwa inamgusa tumboni anapozungusha, naye ataanza kusimama wima kupita kiasi au kuipitisha fimbo mbali na mwili wake.

Kabla ya kulipa, mpeni binti fimbo mkononi na kumtazama mambo matatu. Kwanza, aishike kwa mkono mmoja, ule unaokaa juu kwenye mshikio, ainyooshe mbele yake usawa wa bega na kuhesabu polepole hadi kumi. Fimbo ikianza kuteremka au mkono ukitetemeka, ni nzito. Pili, asimame kama anayetaka kupiga, mikono ikining'inia bila kukakamaa, nanyi mtazame kichwa cha fimbo kilivyokaa sakafuni. Ncha ya mbele ya kichwa ikiinuka sana, fimbo ni ndefu kwake, na mipira ya mchezaji wa mkono wa kulia itaelekea kushoto hata akipiga vizuri. Tatu, anapofumba kiganja cha mkono wa juu, vidole vya kati vifike hadi kugusa kidogo tu nyama iliyo chini ya kidole gumba. Visipofika, mshikio ni mnene, naye ataukamua kwa nguvu ili fimbo isimponyoke.

SWALI: Ndugu Mshauri, ushauri wa aina hii huwa naona umezidi. Magwiji wengi walianza na fimbo yoyote iliyopatikana. Kwa nini watoto wetu wapimwe kama bwana harusi kwa fundi cherehani?
*Baba asiyeshawishika*

JIBU: Ndugu yangu, unayoyasema yana ukweli. Seve Ballesteros alijifunza kwenye ufukwe wa Pedreña, nchini Hispania, akitumia fimbo moja kuukuu ya chuma namba 3, ambayo ni ngumu hata kwa watu wazima wengi, na akaibuka mshindi wa mashindano makubwa matano. Lakini tunamkumbuka Ballesteros kwa kuwa alifaulu. Watoto waliokata tamaa kwa sababu mpira haukunyanyuka hawakuandikwa popote. Kama fimbo kuukuu ndiyo pekee iliyopo nyumbani, mwache mtoto aichezee, kwani kucheza ni bora kuliko kungoja. Ila kama fedha itatumika kwa vyovyote vile, sioni sababu ya kununua kitu kisichomfaa. Na kama mnalazimika kukata, kata fimbo ya kike yenye shafti ya grafaiti, ambayo ni nyepesi na hupinda zaidi, kisha badilisha mshikio uwe mwembamba.

SWALI: Kanuni zinaruhusu fimbo 14 mfukoni. Je, mtoto wa miaka saba anayeanza anahitaji ngapi?
*Mjomba anayetafuta zawadi*

JIBU: Nne au tano zinamtosha: fimbo ya kutumbukizia mpira shimoni, moja ya mipigo mifupi yenye uso uliolala sana, ya chuma namba 7 au 8, na moja ndefu ya mbao au haibridi, yaani mchanganyiko wa fimbo ya mbao na ya chuma. Dreva, yaani fimbo ndefu ya kupigia mpira mbali, inaweza kungoja. Akiitaka sana, kwa maana watoto hupenda kupiga mbali, chagua yenye uso uliolala nyuzi 15 au zaidi. Dreva za watu wazima nyingi zina nyuzi 9 hadi 12, na kwa mpigo wa polepole mpira unaopigwa nazo huishia kutambaa. Kumbuka pia kwamba mfuko atabeba yeye mwenyewe, kwa hiyo uwe mdogo na wenye kamba mbili za mabegani.

Fimbo ya kutumbukizia husahaulika, na mtoto hupewa ya mtu mzima kwa kudhaniwa kwamba mpigo mdogo hauna madhara. Ikiwa ndefu, viwiko hutanuka na macho hukaa mbali na mstari wa mpira. Ipimwe kwa uangalifu uleule.

SWALI: Mwanangu huandika kwa mkono wa kulia lakini hushika fimbo upande wa kushoto. Nimrekebishe?
*Mama mwenye wasiwasi*

JIBU: Hapana. Mpe fimbo za pande zote mbili, mwache azungushe mara kadhaa bila maelekezo, kisha ununue za upande anaourudia mwenyewe. Phil Mickelson hutumia mkono wa kulia katika mambo mengine, lakini hucheza gofu kwa kushoto kwa sababu utotoni alijifunza akimtazama baba yake kama anayetazama kioo.

SWALI: Seti ya watoto hudumu kwa muda gani, na ni lini kijana wangu wa miaka 13, mwenye sentimita 160, ahamie fimbo za watu wazima?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Kabla ya kubalehe watoto wengi huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, kwa hiyo saizi inayotofautiana na nyingine kwa sentimita 7.5 humtosha mtoto kwa mwaka mmoja na miezi michache. Anapobalehe hesabu hiyo huvurugika, na ni vyema kumpima kila baada ya miezi mitatu au minne. Seti iliyomwacha apewe mdogo wake ikiwa kimo kinalingana, au iuzwe ingali nzuri.

Kuhusu kijana wako, kimo chake kinakaribia kuruhusu fimbo za watu wazima, lakini nguvu zake huenda bado. Mwanzishe na fimbo za vijana au za kike zenye shafti za grafaiti; za kike huwa fupi kuliko za kiume kwa takriban inchi 1 na ni nyepesi. Akikataa kwa sababu ya jina au rangi, jambo ambalo kwa umri wake silishangai, tafuta za kiume zenye shafti nyepesi zilizokusudiwa wazee na uzifupishe kidogo. Shafti za feleji zisubiri mpaka kocha aone kwamba kasi ya mpigo wake inazihitaji.