Fundi Akikuharibia Mali: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zinalalamikia jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu alipeleka kitu kikiwa na kasoro ndogo akarudishiwa kikiwa na kubwa zaidi, au hakurudishiwa kabisa. Walioandika wako Kenya, isipokuwa mmoja wa Tanga, ambaye nimemjibu kwa kufuata sheria za Tanzania.

*Nilipeleka kompyuta yangu ya mkononi kwa fundi kwa sababu tundu la chaja lilikuwa limelegea. Ilikuwa ikiwaka bila tatizo. Baada ya siku tatu nikaambiwa kwamba bodi imeungua, na kwamba ilikuwa mbovu tangu nilipoileta. Nitathibitishaje kwamba ni yeye aliyeiunguza? (Msomaji, Kisauni)*

Wengi hukata tamaa hapo ulipofikia, wakidhani kwamba mtu asiyeweza kueleza yaliyotokea ndani ya karakana hana kesi. Sheria haikutwishi mzigo huo. Ulipoikabidhi kompyuta, mali ilibaki kuwa yako na fundi akaishika kwa amana, na mwenye kushika mali ya mwingine kwa amana, tena kwa malipo, anawajibika kuitunza kwa uangalifu unaostahili na kuirudisha. Ikirudi imeharibika, ni yeye anayepaswa kuiridhisha mahakama kwamba uharibifu huo haukutokana na uzembe wake wala wa vijana wake wa kazi, kwa kuwa ni yeye, wala si wewe, aliyekuwapo kifaa kilipofunguliwa.

Kwako linabaki jambo moja: kuonyesha kwamba kompyuta ilikuwa inawaka siku ulipoikabidhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nimeona madai mengi ya haki yakianguka kwa kukosa karatasi moja. Tazama risiti uliyopewa; ikiwa imeandikwa "tundu la chaja" peke yake, hiyo ni nusu ya ushahidi wako, maana fundi aliyeona bodi mbovu angeliandika hilo. Tafuta barua pepe uliyoituma au waraka uliouhifadhi kwenye mtandao kutoka kompyuta hiyo asubuhi ile, pamoja na ujumbe wowote wa simu mlioandikiana. Kisha ichukue kompyuta kama ilivyo, usikubali aifungue tena, na umpelekee fundi mwingine akuandikie kwa mkono wake kilichoungua na kinachoelekea kukisababisha.

Nami nisimwonee fundi. Si kila asemaye "ilikuja hivyo" ni mwongo, kwani bodi iliyowahi kuingia maji inaweza kuishi miezi kadhaa na kufa siku itakayoguswa. Ndiyo maana maoni ya fundi wa pili ni ya lazima hata kama una hakika ya ushindi.

Kuhusu mahali pa kudai, mwandikie kwanza barua yenye tarehe, ueleze kilichotokea, kiasi unachodai na muda unaompa. Akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60, unaweza kujisimamia bila wakili, na mahakama hiyo haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Madai yako yanasimama juu ya amana niliyoieleza, na pia juu ya Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaostahili na kufidiwa hasara itokanayo na kasoro za huduma hiyo.

*Ukutani kwenye duka la ukarabati pameandikwa: "Vitu vyote huachwa kwa hasara ya mwenyewe." Je, tangazo hilo linawaondolea lawama? (Msomaji, Thika)*

La. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu kila mtoa huduma kuwa ameahidi huduma ya ubora unaokubalika, na inasema wazi kwamba haki inazozitoa hazifutwi na makubaliano yanayokwenda kinyume chake. Ikiwa hata mkataba uliotiwa saini hauwezi kuzifuta, ubao uliopigiliwa msumari hauwezi pia. Maneno yaliyochapishwa nyuma ya risiti ni dhaifu zaidi, kwa sababu kwa kawaida mteja huyapata baada ya mapatano kukamilika. Kazi ambayo tangazo kama hilo huifanya kwa uhakika ni kumrudisha nyumbani mteja asiyejua haki yake.

*Gereji ilinikadiria shilingi 18,000 kwa kazi ya breki, nikakubali. Nilipokwenda kuchukua gari nikadaiwa 31,000 kwa sababu eti "walikuta mengine". Pia taa ya nyuma, iliyokuwa nzima, imevunjika. Wanasema gari halitoki mpaka nilipe zote. (Msomaji, Nakuru)*

Barua yako ina mambo matatu ambayo gereji imeyafanya kuwa moja, nami nitayatenganisha.

La kwanza ni bei. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya magari na vitu vingine, ingawa sijawahi kuiona imebandikwa kwenye gereji yoyote. Inamtaka mtengenezaji atoe makadirio kabla ya kutoza, na inamkataza kutoza zaidi ya makadirio hayo kwa kiasi kinachozidi asilimia 10. Kwa hesabu yako, kikomo ni shilingi 19,800. Kazi ya ziada ambayo hukuiidhinisha haina malipo, hata kama gari liliihitaji kweli, kwa maana uamuzi wa kuifanya ulikuwa wako. Walikuwa na namba yako ya simu na wangeweza kukupigia. Kama walikupigia nawe ukasema "sawa, endeleeni", jibu langu linabadilika, kwa hiyo kumbuka vizuri kabla ya kuandika barua ya madai.

La pili ni kuzuiwa kwa gari. Hapa gereji ina haki ambayo wateja hawapendi kuisikia: aliyeifanyia mali kazi ya ufundi anaweza kuishikilia mpaka alipwe ujira wake halali. Neno lenye uzito ni halali. Jitolee kwa maandishi kulipa kiasi mlichopatana, na wakikataa kukupa gari, haki yao ya kulishikilia itakuwa imepungukiwa na msingi wake. Ikiwa gari ndilo linalokulisha na huwezi kungoja, lipa zote kwa M-Pesa au benki, wala si taslimu, uandike kwenye ankara kwamba unalipa huku ukipinga kiasi kilichozidi, kisha udai urudishiwe. Njia hii inaudhi, lakini mara nyingi ni nafuu kuliko wiki tatu bila gari.

La tatu ni taa. Hiyo ni mali iliyoharibika ikiwa katika amana yao, na jibu nililompa msomaji wa Kisauni linakuhusu. Piga picha kabla ya kulitoa gari uani, maana ukishavuka lango watasema umeivunja barabarani. Waombe pia vipuri vya zamani walivyovitoa, kwa kuwa sheria inawataka wakurejeshee ukivihitaji. Na ujue kwamba vipuri vipya au vilivyofanyiwa ukarabati walivyovifunga, pamoja na kazi ya kuvifunga, vina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia, hata kama hakuna aliyekutamkia neno dhamana.

*Dobi ameiunguza suti yangu kwa pasi. Niliinunua shilingi 14,000 miaka mitatu iliyopita. Anataka kunirudishia ada ya kufua tu. Nilikuwa niivae harusini. (Msomaji, Nairobi)*

Ada ya kufua haitoshi, lakini 14,000 hutazipata. Fidia hupimwa kwa thamani ya suti siku ilipoungua, yaani bei ambayo suti ya aina hiyo, iliyokwisha kuvaliwa miaka mitatu, ingeuzwa. Kuhusu harusi, hasara ya namna hiyo hudaiwa ikiwa dobi alijua tangu mwanzo. Kama hukumwambia ni ya shughuli gani na ya lini, sikushauri uiweke kwenye madai.

*Nilimwachia fundi pikipiki aibadilishe klachi. Jioni nikaambiwa amepata ajali akiwa amepakia abiria. Anasema gari ndilo lililomgonga, kwa hiyo hana kosa. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)*

Ndugu yangu, hata kama ni kweli kwamba aligongwa, haimsaidii. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo mizizi yake iko katika sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, inamtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe. Akifanya hivyo na mali ikaharibika, hawajibiki. Lakini sheria hiyo inamweka kando mtu aliyeitumia mali kwa namna ambayo haikuafikiwa: huyo anabeba uharibifu wowote unaotokana na matumizi hayo au unaotokea wakati wake, awe amezembea au hakuzembea.

Mafundi watasema pikipiki haiwezi kutengenezwa bila kujaribiwa, nao wana haki. Kuizungusha mtaani ili kusikiliza klachi ni sehemu ya kazi uliyomwagiza. Kupakia abiria kwa nauli si majaribio. Kwa hiyo abiria yule, ambaye fundi anamtaja kana kwamba anamtetea, ndiye shahidi wako mkubwa. Mtafute mapema, na upate taarifa ya ajali kutoka polisi. Mwenye gari naye anaweza kuwa na wajibu wake, ila huo hauondoi wa fundi kwako.

*Fundi wa simu alifuta picha zangu zote bila kuniuliza, na rafiki yangu anasema ameona mojawapo kwenye simu ya kijana wa dukani. (Msomaji, Kisumu)*

Kufutwa na kunakiliwa ni makosa mawili tofauti. La kwanza unaweza kulidai kama uzembe katika kazi, ingawa ni vigumu kuipa picha bei ya shilingi. La pili ni zito zaidi: picha ni taarifa zako binafsi, na unaweza kumlalamikia mwenye duka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya mwaka 2019. Ikiwa ni picha ya faragha na inasambazwa, nenda polisi, kwa kuwa sheria ya makosa ya kimtandao ya mwaka 2018 inalihesabu hilo kuwa jinai. Mwombe rafiki yako aandike leo alichokiona, lini na wapi.

*Nilichelewa miezi minne kuchukua cherehani yangu kwa fundi kwa kukosa pesa. Nimekwenda nikaambiwa ameiuza ili kufidia gharama zake. (Msomaji, Machakos)*

Kuchelewa kwako hakukumpa fundi umiliki. Kenya ina sheria ya uuzaji wa mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, nayo inataka mwenye mali apewe ilani ya maandishi kabla ya chochote kuuzwa. Ndizo zile ilani unazoziona katika Gazeti Rasmi la Serikali, gereji ikimpa mtu siku 30 alichukue gari lake na kulipa anachodaiwa, la sivyo litapigwa mnada hadharani. Fundi aliyeiuza cherehani kimyakimya kwa mteja aliyepita dukani hakuifuata njia hiyo, na unaweza kumdai thamani yake.

Kabla ya kudai thamani, hata hivyo, muulize ni nani aliyeinunua. Kwa kawaida asiye mwenye mali hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana, kwa hiyo huenda cherehani bado ni yako popote ilipo, na unaweza kuidai yenyewe. Deni la matengenezo bado utalilipa.