Hao buibui wako wa mtaa wa Umoja, Nairobi, usiwapulizie dawa bado

Dadangu umeuliza hao buibui wawili wa kwa nyumba ni familia gani, yaani kundi gani la buibui, na kama uwaue. Tafadhali usiwaue. Na usianze na rangi, rangi itakupoteza, anza na macho na utando. Huyo mdogo anarukaruka ukutani akikuangalia, ukizuum na simu utaona macho mawili makubwa mbele kama taa za matatu, huyo ni wa familia ya Salticidae, buibui warukaji, hajengi utando wa kunasa, anawinda kwa kuona. Huko Ziwa Victoria kuna ndugu yake, Evarcha culicivora, anapenda kula mbu wa kike walioshiba damu, hasa Anopheles wa malaria, yaani mimi nikimfikiria huyo nafurahi kabisa!

Wa bafuni mwenye miguu mirefu myembamba, gusa utando kidogo, akitetemeka mwili mzima basi ni Pholcidae, hana shida na mtu.

Ukienda msitu wa Karura utaona buibui anayebeba mfuko wa mayai: ukiwa umeshikana nyuma ya tumbo ni Lycosidae, akiubeba kwa mdomo ni Pisauridae. Piga picha ya uso na ya mgongo pia, moja haitoshi.