Si ya huku si ya kule

Ukianza kazi ya ufasiri watakutisha na maneno marefu. Usiyaogope, hayo yana kamusi zake. Mimi yaliyonitoa jasho ni mafupi, na la kwanza lilikuwa na herufi mbili tu: si.

Nilikuwa bado mgeni kazini, nikapewa mahojiano ya Kifaransa niyalete kwa Kiswahili. Mtu anaulizwa: "Hukutia saini?" Anajibu: "Si." Nilijua si ya Kifaransa ni "kama", lakini "kama" haikuingia pale. Kamusi ikanipa maana ya pili: ndiyo, inayotumika kulipinga swali la kukanusha. Basi nikaandika "Ndiyo", nikasonga mbele nimeridhika. Mhariri akalizungushia kalamu nyekundu. "Soma kwa sauti," akaniambia. "Hukutia saini?" "Ndiyo." Loo! Kwa Kiswahili mtu huyo amekubali kwamba hakutia, ilhali Mfaransa alisema kinyume chake. Jibu letu lilikuwa "Nilitia", basi, bila ndiyo wala hapana.

Kwa hiyo, ukikutana na neno dogo, uliza kwanza linafanya kazi gani katika mazungumzo, ndipo uulize maana yake.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kwenye asili. Kilatini hakikuwa na neno moja la kukubali kama ndiyo yetu. Mtu aliweza kurudia kitenzi, au kusema sic, yaani "hivyo". Hiyo sic imezaa sì ya Kiitaliano, sí ya Kihispania na ile si ya ubishi ya Kifaransa. Si ya "kama" imetoka kwenye neno jingine la Kilatini, si. Kusini mwa Ufaransa walishika hoc, "hili", ikawa oc, na eneo la Languedoc linaitwa hivyo kwa sababu ya lugha hiyo ya oc. Kaskazini hoc iliungana na ille, "yule", ikawa oïl, leo oui. Mwanzoni mwa karne ya 14 Dante, mshairi wa Italia, alizitofautisha lugha hizi kwa neno la kukubali la kila moja. Sasa ipasue ndiyo yetu: ndi- na -yo, "ni hiyo hasa". Njia ni ileile ya sic na hoc, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Mimi hilo hunifurahisha kuliko sauti zinazogongana kwa bahati.

Maana wapo wanaoona sí ya Kihispania inakubali, si yetu inakana, wakatunga hadithi ya kuziunganisha. Usitunge. Ukitaka ndugu wa si yetu nenda Kinyarwanda: "si umwarimu" ni "si mwalimu", na "sijui" kwao ni "sinzi". Hapo kipande cha kukana hakijafanana kisilabi tu. Kimefanana mbele ya nomino, kikafanana tena ndani ya kitenzi cha nafsi ya kwanza. Ushahidi wa namna hiyo ninaupokea. Vivyo hivyo si ya Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, inayotangulia jina la mtu, kama "si Maria", ina mwenzake katika Kiindonesia, na lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja.

Kichina nacho kinataka sikio. Sì ya toni inayoshuka ni nne. Sǐ ya toni ya chini, inayozama, ni kufa. Ndiyo maana majengo mengi ya huko huiruka ghorofa ya 4. Ukiacha alama za toni umemwachia msomaji kitendawili.

Na wewe uliyezaliwa na Kiswahili usijione umepona. "Si mwalimu" inakana. "Si nilikwambia!" inakazia kwamba nilikwambia. "Si uende basi" inamsukuma mtu. "Si tunaenda", mdomoni mwa vijana, yaweza kuwa "sisi tunaenda" au "kwani hatuendi?", na kiimbo pekee ndicho kinachoamua.

Siku hizi nikiisikia si kwenye rekodi narudi nyuma hadi kwenye swali lililotangulia, nasikiliza mara mbili, ndipo naandika. Daftarini mwangu ina ukurasa wake, na humo hamna maana hata moja iliyoandikwa peke yake. Ni sentensi tupu, na ya juu kabisa ni "Hukutia saini?"