Alama 3 zaidi kwenye eksirei: ugonjwa umeendelea au ni makosa ya kipimo?

Mkuu, umeuliza hivi: wasomaji wenu wawili wa eksirei za baridi yabisi wamepata ICC (namba ya kuonyesha wasomaji wanavyokubaliana, 1 ikiwa ni kukubaliana kabisa) ya 0.97, sasa mgonjwa aliyetoka alama 31 hadi 34 ndani ya mwaka, umhesabu kuwa viungo vyake vimeharibika zaidi? Kwa hiyo 0.97 peke yake, usimhesabu. Nimesoma picha za majaribio ya dawa muda mrefu, na namba hiyo huwapumbaza wengi.

ICC hupanda kirahisi pale wagonjwa wanapotofautiana sana. Kipimo cha Sharp kilichorekebishwa na van der Heijde, yaani njia ya kuhesabu uharibifu wa viungo kwenye eksirei, kinakwenda 0 hadi 448: 280 za mmomonyoko wa mfupa na 168 za kupungua kwa nafasi ya kiungo. Ukiwa na mgonjwa mwenye 5 na mwingine mwenye 150, wasomaji wakipishana alama 6 bado wataonekana kama mapacha. Lakini wewe hutafuti nani ana hali mbaya, unatafuta nani amebadilika. Piga ICC ya mabadiliko yenyewe uone inavyoporomoka.

Halafu kokotoa kiwango kidogo kabisa cha mabadiliko kinachoweza kutambulika. Kwa kila mgonjwa, chukua mabadiliko aliyopata kwa msomaji wa kwanza, toa aliyopata kwa wa pili, kisha tafuta mkengeuko sanifu (standard deviation, yaani zilivyotawanyika) wa tofauti hizo zote. Kama mnatumia wastani wa wasomaji wawili, zidisha kwa 1.96, gawanya kwa 2. Tuseme umepata mkengeuko wa 4: jibu ni 3.92. Basi mgonjwa wako mwenye 3 yumo ndani ya makosa ya kipimo.

Na hapo ni makosa ya kusoma tu. Yapo ya kupiga picha, ambayo hesabu hiyo haiyaoni vizuri kwa sababu wasomaji wote wanaangalia picha ileile. Chukua fundo la kidole cha shahada. Picha ya kwanza kiganja kimelala bapa, nafasi kati ya mifupa inaonekana wazi. Mwaka unaofuata kidole kina maumivu, mgonjwa amekikunja kidogo, kichwa cha mfupa wa kiganja kinafunika kitako cha mfupa wa kidole. Nafasi inaonekana imebana, alama inapanda kutoka 1 hadi 2. Wakati huohuo kishimo kilichokuwa pembeni mwa mfupa kimegeukia upande na hakionekani tena, hivyo alama ya mmomonyoko inashuka! Kila msomaji ameandika alichokiona. Dawa yake ni kwa mpiga picha: mkao uleule, na picha mbovu irudiwe mapema.

Mpangilio wa kusoma nao una mambo. Msomaji akijua ipi ilitangulia, hunasa mabadiliko madogo kwa urahisi zaidi, ila pia anatarajia mfupa uzidi kuliwa, na alama za kushuka zinakuwa adimu. Mimi napendelea tarehe zifichwe, na dawa aliyopewa mgonjwa ifichwe bila mjadala. Picha zote za mtu mmoja zisomwe katika kikao kimoja.

Mkificha tarehe mtapata alama hasi, na lazima atatokea mtu wa kusema zigeuzwe kuwa 0 kwa kuwa mfupa hauponi. Kataa katakata. Kwanza mfupa huweza kujirekebisha kiasi. Pili, makosa ya kubahatisha huangukia pande zote mbili. Ukifuta ya chini ukabakiza ya juu, umepandisha wastani wa kundi zima kwa mkono wako. Tena hizo hasi zina kazi: wapange wagonjwa wote kuanzia aliyeshuka zaidi hadi aliyepanda zaidi, wachore kwenye grafu moja. Wakiwepo wengi wenye -3, hao wenye +3 usiwatangaze haraka.

Ukilinganisha makundi mawili ya dawa, makosa ya namna hii kwa sehemu kubwa hufutana kwenye wastani, kwa hiyo tofauti ya alama 1 kati ya makundi yenye watu wengi inaweza kuwa ya kweli hata kama kwa mtu mmoja haisemi kitu. Kwenye jedwali lako weka vyote: wastani wa mabadiliko kwa kila kundi, na asilimia ya waliovuka kile kiwango mlichokokotoa kutoka kwa wasomaji wenu wenyewe, sio cha kuazima kwenye utafiti mwingine.